Ukoo Usio na Mama



Katika daftari hili wengine wameandika juu ya ngoma, juu ya ndoa na juu ya majina. Sisi tumeomba kurasa chache juu ya jambo ambalo watu wetu wanalipenda sana, na ambalo, tunavyoona, wanalifanya vibaya: kutafuta ukoo. Tunasema ukoo wa wale wanaoitwa Waungwana, watoto wa walowezi waliokuja Maniema na misafara kutoka pwani, wale ambao Wabelgiji waliwaandika mu vitabu vyao kwa jina la « arabisés ». Wengi kati yetu tunaoandika hapa ni watoto wa nyumba zile. Kwa hiyo hatusemi habari za jirani. Tunasema zetu.

Tutasema kwa ukali kidogo. Anayeumia atusamehe, lakini asifunge daftari mbele ya kufika mwisho.

1. Karatasi ya ukutani

Siku moja tulialikwa kwenye sherehe ya ukoo mmoja mkubwa wa huku kwetu. Jina hatulitaji, kwa sababu wako wengi wanaofanya vile vile. Ukutani walikuwa wamebandika karatasi kubwa yenye mti wa ukoo. Juu kabisa iliandikwa Maskati. Chini yake wanaume saba, mmoja akimzaa mwengine, mpaka mzee wa nyumba. Pembeni njia imechorwa kwa mishale myekundu: Unguja, Bagamoyo, Tabora, Ujiji, Kabambare, Kasongo. Kazi safi. Kijana aliyeichora aliitengeneza kwa kompyuta, na kila mgeni alipiga picha mbele yake.

Basi mama mmoja mzee, bibi wa nyumba ile ile, akasogea na fimbo yake, akaomba asomewe. Akasomewa majina yote saba. Akauliza: « Na bamama yabo? Bale bote balizaliwaka na nani? » Watu wakacheka. Mzee moja akamjibu kwa heshima: « Mama, ukoo ni ya baba. » Akanyamaza, akarudi kukaa.

Tuseme kweli: sisi pia tulicheka. Ni usiku, tulipofika nyumbani, ndipo swali lile likaanza kutuuma. Wanaume saba, na hakuna mwanamke hata mmoja. Wanaume hawa walizaliwa na miti? Kama babu wa tano alifika Kasongo peke yake na bunduki yake, mtoto wake wa kwanza wa Kasongo alimpata wapi?

Kila mtu mu chumba kile alijua jibu. Ndiyo sababu tulicheka.

2. Nani alipita njia ile?

Tuangalie njia yenyewe, kwa kuwa watu wanaitaja sana na kuijua kidogo. Kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji ni zaidi ya kilometa 1,000, na msafara ulitembea miezi mitatu ao zaidi kwa miguu. Tabora, mu nchi ya Unyanyembe, ndipo njia zilikutana: moja kwenda kaskazini mpaka Buganda, moja magharibi mpaka ziwa, moja kusini mpaka Itawa na Katanga. Kutoka Ujiji watu walivuka Tanganyika kwa majahazi na mitumbwi, wakashuka Mtowa, karibu na Kalemie ya leo. Kisha Kabambare, kisha Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Wengine waliendelea kushuka mto mpaka Kisangani.

Hizi si hadithi za sherehe. Livingstone alikaa muda mrefu Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, na alifika Nyangwe mwezi wa Machi 1871. Cameron alipita Nyangwe 1874, Stanley 1876. Mwaka 1887 Leopold wa Pili alimfanya Tippu Tip, ndiyo Hamed bin Muhammed el-Murjebi, kuwa liwali wake kule Stanley Falls. Kisha vikaja vita vya 1892 mpaka 1894: askari wa Dhanis waliingia Nyangwe mwezi wa Machi 1893, na Kasongo mwezi wa Aprili mwaka ule ule. Walowezi wa pwani walikuwa huku mbele ya Bula Matari, na Bula Matari alipofika aliwakuta wana miji, mashamba ya mpunga na misikiti.

Lakini ni nani walikuwa mu msafara? Waarabu wa Oman walikuwa wachache. Walikuwa wakubwa, wenye mali na deni kwa Wahindi wa Unguja. Nyuma yao walikuwa Waswahili wa Mrima. Nyuma yao Wanyamwezi, wapagazi hodari kupita wote, mamia na maelfu. Nyuma yao watumwa waliobeba bunduki, watumwa waliobeba pembe, na watumwa waliofungwa. Na kadiri msafara ulivyokaa Maniema, ndivyo ulivyojaa watu wa Maniema wenyewe: vijana waliotekwa na kupewa bunduki, wasichana waliotekwa na kupewa waume.

Sasa fanyeni hesabu nyepesi. Kama nyumba zote zinazosema « babu alitokaka Maskati » zinasema kweli, basi Maskati ilibaki tupu. Na wale wapagazi maelfu, wale vijana wa bunduki, walikufa wote bila mtoto? Hapana. Walizaa. Watoto wao ni sisi. Ila tumewafuta, tukabaki na mzee mmoja wa kilemba, tukamgawana wote.

3. Jina la Uungwana na majina ya watu

Neno lenyewe linasema mengi. Mwungwana, kwa Kiswahili cha pwani, ni mtu huru, si mtumwa. Watu wanaozaliwa huru tangu zamani hawana haja ya kulitangaza kila asubuhi. Huku kwetu neno lilishikwa kwa nguvu sana na watu ambao uhuru wao ulikuwa mpya. Kijana aliyetekwa, akijifunza Kiswahili, akivaa kanzu, akisali, akishika bunduki, alihesabiwa Mwungwana. Hata lugha yetu ikaitwa Kingwana. Hii si aibu. Ni ushindi wa mtu aliyenyang'anywa kila kitu na akajitengenezea jina jipya. Aibu ni kuchukua jina lile na kumkana aliyelitafuta.

Angalieni vilevile majina tunayojivunia. Feruzi, Almasi, Mabruki, Farijala: tunasema ni majina ya Kiarabu, na kweli mengi yana asili ya Kiarabu. Lakini Mwarabu alimpa nani majina yale? Kule pwani majina ya vito, ya baraka na ya bahati yalipewa mara nyingi watumwa, kwa sababu jina la kuzaliwa lilikuwa limetupwa njiani. Hatusemi kila Feruzi wa leo ni mjukuu wa mtumwa, kwani jina linarithiwa hata kwa rafiki. Tunasema tu: yule anayeonyesha jina hili kama cheti cha Maskati, ameshika cheti cha mtu mwengine.

4. Tippu Tip mwenyewe alijua

Wapenzi wa ukoo wanapenda kumtaja Tippu Tip. Vizuri. Nasi tumtaje.

Mzee yule aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Mule ndani anaeleza bila haya namna alivyopata utawala mu Utetela, kwa mfalme Kasongo Rushie. Alisema ya kuwa zamani, mu vita, wanawake wa nyumba ya kifalme walitekwa, na mmoja wao akauzwa mpaka pwani, babu yake akamchukua. Kwa hiyo yeye Tippu Tip ni mjukuu wa Utetela, mtoto wa dada aliyepotea. Mfalme mzee akamkubali, akampa nchi.

Wanahistoria wanaiona hadithi ile kuwa ya kutunga. Sisi inatupendeza hata ikiwa ya kutunga, kwa sababu inaonyesha ya kuwa Tippu Tip alikuwa na akili kupita wajukuu wanaomtaja leo. Alielewa ya kwamba mu nchi hii mlango wa kuingia ukoo unaweza kuwa mama. Babake vilevile alielewa: Muhammed bin Juma, pale Tabora, alimwoa Karunde, binti ya mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na ndoa ile ilimpa nguvu ambayo bunduki peke yake haingempa.

Tazameni basi kinyume chake. Mwarabu mkubwa kabisa wa Maniema alijitafutia bibi mweusi aliyetekwa ili apate nchi. Na sisi, ambao bibi mweusi aliyetekwa tuko naye kweli, tunamficha ili tupate Mwarabu.

5. Njia ilikuwa na pande mbili

Hapa tunafika kwenye kosa kubwa kupita yote. Ile mishale myekundu kwenye karatasi yote inaelekea upande mmoja: kutoka bahari kuja kwetu. Nani alichora mshale wa kurudi?

Njia ile ile iliyoleta babu mmoja ilipeleka wengi. Pembe za tembo hazikwenda Ujiji peke yake, zilibebwa na watu wa Maniema, na wengi wao hawakurudi. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwa sokoni Nyangwe wakati watu wa mfanyabiashara Dugumbe walipowapiga risasi wenye soko. Wengi walikuwa wanawake waliokuja kuuza vitu vyao. Wengine walikufa kwa risasi, wengine walikufa mtoni wakikimbilia mitumbwi. Waarabu wenyewe walikadiria wafu kati ya 330 na 400. Wanawake wale walikuwa mama wa nani? Ni bibi zetu wa upande wa mama, ao ndugu zao. Mu sherehe zetu zote hatujasikia hata mara moja tarehe ile ikitajwa. Tarehe ya kufika babu tunaijua mpaka mwezi.

Na walio hai waliochukuliwa, walikwenda wapi? Nendeni Ujiji. Nendeni Kigoma, Tabora, Dar es Salaam, ao karibu zaidi, Buyenzi mu Bujumbura. Mtakuta watu wanaoitwa Wamanyema. Ni jina letu. Wengi kati yao ni wajukuu wa waliotoka huku kwa minyororo, ao kwa mzigo kichwani, ao nyuma ya bwana aliyehama. Walijenga miji ile, walisali mu misikiti yake, walihifadhi jina la nchi yao vizazi vinne ao vitano, na huku kwetu hakuna aliyewatafuta.

Tunauliza bila kuzunguka: mtu anayelipa tiketi ya ndege mpaka Oman kutafuta ndugu asiyemjua, na hajavuka ziwa kuuliza Ujiji kama dada wa nyanya yake aliacha mtoto, anatafuta ukoo kweli? Ao anatafuta cheo?

6. Tunajua mtatujibu nini

Jibu la kwanza: « Ukoo ni ya baba, dini inasema. » Dini haikusema mama afutwe. Mu sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria ambaye baba amemkubali ni mtoto huru, na anarithi sawa na ndugu zake wa mke wa ndoa. Masultani wa Unguja wenyewe, Majid na Barghash, watoto wa Sayyid Said, walizaliwa na masuria. Mama wa Barghash alikuwa Mhabeshi. Kila mtu wa Unguja alijua, na hawakuacha kuwa masultani. Kama ikulu ya Unguja haikuona haya, nyumba ya matofali ya Kasongo inaona haya ya nini?

Jibu la pili: « Juu ya nini kufukua mambo ya utumwa? Yaliisha. Mtaleta maneno kati ya watu. » Hili tunaliheshimu kidogo, kwa sababu wazee waliolisema walikuwa wanalinda watoto. Wakati ule mtu aliweza kutukanwa sokoni, kukataliwa mke, kunyimwa nafasi ya mbele msikitini, yote juu ya neno moja. Wazee wakafunga mdomo. Lakini tofautisheni kunyamaza na kusema uongo. Mzee aliyenyamaza alikuacha na nafasi tupu. Wewe unajaza nafasi ile na Maskati, na kuibandika ukutani, na kumcheka bibi yako anapouliza.

Jibu la tatu linatoka nje ya nyumba zetu, kwa jirani wanaosema: « Ninyi Waungwana ni watoto wa wauza watu, sisi ni wenyeji safi. » Hawa nao wasikilize. Vita vile havikupiganwa na Waarabu peke yao. Gongo Lutete, mkubwa wa Ngandu, inasemekana alikuwa mtumwa akiwa mtoto. Alikua, akawa jemadari wa Tippu Tip, akateka watu bila hesabu, kisha akahamia upande wa Wabelgiji, nao wakamwua 1893. Yeye ni mwenyeji ao mgeni? Ni mtekwa ao mtekaji? Na machifu waliotoa watu ili wapate bunduki na nguo, wajukuu wao wako wapi leo? Wako kati yetu, na wengine wanatuhubiria usafi. Mu Maniema nzima hakuna ukoo safi. Kuna koo zinazokumbuka na koo zinazosahau.

7. Karatasi hii inaweza kuua

Wengine watasema tunakuza jambo dogo: kila mtu na mapambo ya ukuta wake. Hapana. Huku kwetu ukoo si mapambo.

Angalieni namna sheria ya uraia ilivyohamahama. Katiba ya 1964 iliuliza kama mzazi wako wa zamani alikuwa wa kabila lililokuwa mu nchi hii mbele ya tarehe 18 Oktoba 1908. Sheria ya 1981 ikarudisha tarehe nyuma mpaka 1 Agosti 1885. Sheria ya 12 Novemba 2004, na nyuma yake Katiba ya 2006, zikarudi kwenye uhuru: ni Mkongomani wa asili kila mtu wa makabila ambayo watu wao na ardhi yao viliunda kile kilichokuwa Kongo wakati wa uhuru. Kila tarehe ilipobadilishwa, kulikuwa na watu walioamka asubuhi wakiwa wageni mu nyumba walimozaliwa. Na mu vita vya 1996 na vya 1998 tuliona namna neno « mgeni » linavyomfikia mtu kwanza kwa mdomo, kisha kwa panga.

Sasa, mu nchi yenye historia ya namna hii, kuna watu wenye akili na diplome wanaobandika ukutani, kwa hiari yao, karatasi inayosema: sisi asili yetu ni ng'ambo, tulipita tu, hatuna mama huku. Siku mtu mbaya atakapohitaji ushahidi wa kuwafukuza, hatakuwa na kazi. Atapiga picha ile karatasi.

Ukweli ungewalinda kupita uongo. Ukweli ni kwamba babu mmoja alitoka mbali, na bibi alikuwa Mkusu, ao Mbangubangu, ao Mzimba, ao Msongola, ao Mgenya wa mtoni, na bibi wa pili vilevile, na wa tatu. Mishipa mingi ya ukoo inatoka hapa hapa. Sheria ya 2004 yenyewe inasema mtoto anapata uraia kwa baba ao kwa mama. Leta imemkumbuka mama. Ni sisi tumemsahau.

8. Kosa letu wenyewe

Mbele ya kumalizia, lazima tukiri. Kikundi chetu hiki, kilipoanza kukusanya habari za koo, kilitengeneza karatasi ya maswali. Swali la kwanza lilikuwa: « Babu yako alitoka wapi? » La pili: « Alipita njia gani? » La tatu: « Alifika mwaka gani? » Hakukuwa na swali moja juu ya bibi. Tulizunguka na maswali yale kijiji kwa kijiji, tukarudi na daftari zimejaa Maskati na Unguja, tukashangaa kuona Waarabu ni wengi vile! Kumbe tulivuna tulichopanda. Mabibi waliokaa pembeni wakituchemshia chai walikuwa wanajua yote, na hatukuwauliza. Wengi wao wamekwisha kufa. Daftari zile hatuzitupi, lakini hatuwezi tena kuziita historia.

9. Tufanye nini

Hatutaki kubomoa tu. Haya ndiyo tunayoomba.

Anza na mama. Mama wa mama yako, na mama wa mama wa baba yako. Uliza kijiji, uliza ukoo, uliza mwiko: chakula gani alikikataa yeye na watoto wake? Mara nyingi mwiko unaonyesha kabila wakati jina limepotea. Uliza aliimba mtoto kwa lugha gani. Uliza alipokasirika sana alisema lugha gani. Mtu anaweza kubadilisha dini, jina na nguo, lakini hasira inatoka mu lugha ya mama.

Kisha fuata njia, kituo kwa kituo, na kila kituo kina swali lake. Pwani: babu alikuwa mwenye mali, Mswahili wa Mrima, ao mtumwa wa mtu, na wa nani? Tabora: hakuwa Mnyamwezi, mpagazi, aliyebaki huku kwa sababu mzigo uliisha ao mke alipatikana? Ujiji: aliacha mke na watoto kule? Mtowa na Kabambare: nani alijiunga na msafara njiani, na kwa hiari ao kwa kamba? Kasongo na Nyangwe: 1893 alikuwa upande gani? Alikimbia mashariki na Rumaliza, ao alichukuliwa na askari wa Dhanis na kufanywa askari? Wengi walifanywa, na kwa hiyo mababu wengine walipotelea mbali sana, kwa njia ya jeshi.

Msisahau njia za nyuma. Reli ya Ponthierville ilifunguliwa 1906, ile ya Kindu mpaka Kongolo ikafuata karibu 1910, na ya Kabalo mpaka Albertville 1915. Watoto wa Waungwana walijenga reli zile, wakahama nazo. Ukipoteza nyayo za ukoo Kasongo, zitafute Kindu, Kisangani ao Kalemie, mu mitaa ya karibu na gare.

Tena, maandiko yako. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walikuwa Bagamoyo tangu 1868, na walikusanya watumwa waliokombolewa. Mapadri Weupe walikuwa Kibanga tangu 1883 na Mpala tangu 1885, ng'ambo yetu ya ziwa, na walikomboa watoto wengi. Walipenda sana kuandika. Mwislamu asiogope kufungua kitabu cha ubatizo: mtoto aliyepotea mu ukoo wako anaweza kuwa mule, na jina jipya la mtakatifu.

Na usipojua, usijaze. Acha kisanduku wazi kwenye mti wako, na uandike: « Mama. Jina lake halijulikani. Alitekwa mu Maniema. » Mistari hii mitatu ina heshima kupita masultani kumi wa kuazima. Mtoto atakayeisoma atajua ya kuwa kuna mtu anamngoja mule, na siku moja atamtafuta.

10. Uamuzi

Mu mkutano wetu tumekubaliana hivi, na tunakijulisha kila ukoo utakaotuletea habari zake: kuanzia daftari linalokuja hatutachapa tena mti wowote wa ukoo wenye wanaume tu. Mtu akileta babu saba, alete na mabibi saba, kwa majina ao kwa visanduku vitupu. Wengine wamekwisha kutuambia ya kuwa tutakosa wasomaji, na ya kuwa familia kubwa zitaacha kutuchangia. Inawezekana. Daftari litakuwa jembamba.

Yule mama mzee wa fimbo bado anaishi. Tumerudi kwake wiki chache nyuma ya sherehe, bila kelele, na karatasi nyeupe. Alitaja mama yake, na mama wa mama yake, na kijiji karibu na Kabambare ambacho hakipo tena kwenye karte. Kisha akasimama kidogo, akasema: « Uyu mwengine, jina yake balikuwa wananikatazaka kulisema. » Tukamwambia hakuna anayekataza tena. Akalisema.

Hatuliandiki hapa, kwa kuwa ni la nyumba yake. Tumewapelekea wenye karatasi ya ukutani, na tunangoja waliandike.